Kuanzia Ukurasa wa Tisini na Saba

Lusia Vedasto alikuwa amekisoma kitabu kile mara kumi na moja, na bado alikuwa hakijui. Simsengenyi. Aliyekijua hakuwepo, maana mwandishi mwenyewe, Mwalimu Simel, alikufa mwaka 1991, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, na tangu hapo wasomi wa Kiswahili wamekigombania kama fisi na mfupa. Kila mmoja ameondoka na kipande chake, na kila mmoja anaapa kwamba chake ndicho chenye uboho.

Kitabu kinaitwa *Ukungu Hauna Mlango*. Ni riwaya fupi, kurasa mia mbili na kumi na mbili, na ndiyo pekee aliyoandika. Mfugaji anashusha ng'ombe ndani ya kreta ya Ngorongoro wakalambe chumvi, na binti yake wa miaka minane anafuatana naye. Basi, ndiyo hadithi yote. Hakuna sura, hakuna mwanzo wa kueleweka, leo na juzi vimechanganywa kama kande. Binti anauliza swali kila ukurasa, na kila ukurasa baba anamwita kwa jina lake. Halafu, ukurasa wa tisini na saba, jina linakatika. Baba anaendelea kutembea, ng'ombe wanaendelea kula, lakini mtoto haitwi tena, hatajwi tena, wala hatuambiwi amekwenda wapi.

Na kuna kioja kingine. Kuanzia ukurasa huohuo, neno mvua halimo. Inanyesha, tena inanyesha hasa, watu wanalowa mpaka mifupa, lakini mwandishi anasema "maji ya juu". Ukurasa wa kumi ameandika mvua vizuri tu kama mimi na wewe. Ukurasa wa mia na kumi, maji ya juu. Wasomi walipofika hapo walifurahi mno. Tazameni, wakasema, lugha inamvunjikia mwandishi mkononi, huu ndio usasa wenyewe, mtu wa leo amepoteza hata majina ya vitu. Wengine wakabisha: yule binti hakuwahi kuwapo, alikuwa nafsi ya baba ikijiuliza. Wengine wakasema ametoroka kwenda shule. Makongamano yakafanyika, chai ikanywewa, na watu wazima wakanuniana.

Lusia naye akajitosa humo. Alikuwa mwalimu wa sekondari Karatu, mtoto wa wakulima wa Kiiraqw, na kwa miaka minne aliamka saa kumi alfajiri kuandika tasnifu ya uzamili kabla ya kwenda kufundisha. Kichwa cha tasnifu kilianza na jina la yule binti kwa herufi kubwa. Ndani alikuwa amepanga nadharia za Ulaya moja baada ya nyingine. Kazi safi, yenye jasho. Akaituma Dar es Salaam kwa msimamizi wake, Dokta Inosenti, akangoja sifa.

Dokta akampigia simu. "Lusia, wewe ni mtu wa wapi?"

"Karatu, Dokta."

"Na mwandishi wako?"

"Nainokanoka, huko juu Ngorongoro."

"Umewahi kufika?"

 Ni saa chache tu kwa gari, na Lusia hakuwahi.

"Umemvalisha mzee wa watu suti, tena ukamfunga na tai," Dokta akasema. "Mimi nataka kumwona na shuka lake. Kitabu hiki kilizaliwa mahali fulani, kati ya watu fulani, na katika kurasa zako mia na ishirini sijaona mahali wala watu. Muda wako umeshaisha mara mbili na mara zote mbili nimekutetea. Una mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ukileta hiihii, wataliondoa jina lako kwenye orodha, na mimi sitakuwa na la kusema."

Miaka minne iishe hivihivi. Lusia alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa na simu mkononi, akalia kidogo, akanawa uso. Kisha akamkumbuka Witness. Witness alikuwa mwanafunzi wake zamani, msichana wa Kimaasai aliyewahi kunyosha kidole darasani akasema kitabu hicho kaandika babu yake. Madam Lusia alidhani mtoto anajidai, akamwambia akae chini. Sasa akaitafuta namba yake kwa udi na uvumba. Akaipata kwa mtu wa tatu.

"Madam," Witness akasema upande wa pili, bila kinyongo chochote, "njoo tu. Bibi yupo. Ndiye mke wa babu."

Jumanne ya wiki iliyofuata, asubuhi, Lusia akapanda Land Cruiser iliyobeba unga na sabuni za maduka ya Nainokanoka. Wakapita getini mwa hifadhi, wakapanda msitu, na kwenye ukingo wa kreta dereva akasimama kukaza kamba za mizigo. Lusia akashuka kujinyoosha. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka chini, mzito, mweupe, ukivimba kufikia ukingo kama maziwa yanayotaka kufurika sufuriani, kisha ukashuka wenyewe kana kwamba mtu ameepua. Kreta yote ikafunguka chini ya miguu yake, majani, ziwa, vivuli vya mawingu. Halafu ukapanda tena, na kila kitu kikapotea.

Alishika mlango wa gari. Ukurasa wa tatu wa kitabu ulisema hivyohivyo, neno kwa neno, kwamba dunia iliepuliwa kabla haijafurika. Katika tasnifu yake aliita jambo hilo taswira ya ndoto, akaandika aya mbili kulieleza. Kumbe mzee alikuwa anaeleza hali ya hewa. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, kitu kilichomfanya atamani kuvua viatu.

Boma la kina Witness lilikuwa juu ya mteremko, na kando yake maboma mawili yalikuwa matupu, wenyewe wamehamia Handeni kwa mpango wa serikali. Witness alikuwa na duka dogo lililojengwa kwa mabati njiani. Akampokea begi, akamwongoza kwa bibi yake.

Bibi Nailantei alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na ushei, mkavu, mwenye macho yasiyo na haraka. Kiswahili alikijua vizuri, maana aliishi Karatu miaka kadhaa akiwa mke wa mwalimu. Lusia akainamisha kichwa kama Witness alivyomfundisha, bibi akamgusa utosini. "Shikamoo, koko," Lusia akasema, maana ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi. "Marahaba, mwanangu. Karibu." Wakaketi karibu na moto. Ikaja chai ya maziwa, na habari zikaulizwa zote kwa zamu: za njiani, za wazazi, za mahindi ya Karatu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Hata Lusia akaanza kupata joto.

"Haya," bibi akasema hatimaye. "Umekuja na nini moyoni?"

Lusia angesema tu kwa mdomo, yangeisha. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akakitoa kitabu, akasimama wima kama yupo mbele ya darasa, akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti ya kujiamini. Na sentensi ya kwanza ya kitabu kile ni baba akiwa upande huu wa bonde, akimwita binti yake aliye upande wa pili. Anamwita mara tatu. Lusia naye akaita mara tatu, kwa kuvuta, kama ilivyoandikwa.

Bibi Nailantei akaweka kikombe chini.  Akachukua kibuyu chake cha maziwa, akainama mlangoni, akatoka.

Wakabaki wanatazamana. "Nimefanya nini?" Lusia akauliza.

"Sijui, Madam," Witness akasema, naye amepauka. "Sijawahi kumwona hivyo."

Sauti ya bibi ikasikika kutoka nje, tulivu kabisa. "Mwambie mgeni wako ameita mtu asiyeitwa. Chai amalizie, lakini hicho kitabu asikifungue tena nyumbani kwangu."

Lusia alitamani ardhi ipasuke. Gari lilikuwa halirudi mpaka kesho yake asubuhi, kwa hiyo hakukuwa na pa kukimbilia. Alikaa dukani kwa Witness juu ya kreti la soda, akihesabu siku zilizobaki. Alijua ameharibu. Alichokuwa hajui ni alichoharibu, na hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza.

Mchana ukungu uliondoka na mawingu yakaja badala yake, meusi, kutoka upande wa msitu. Bibi Nailantei alikuwa zizini. Akaangalia juu, akamwita Witness kwa Kiswahili, labda ili mgeni naye asikie ajikinge:

"Ingizeni ndama. Maji ya juu yanakuja."

Lusia akasimama. Kreti likaanguka nyuma yake.  Duniani kote, katika vitabu vyote vya Kiswahili alivyowahi kushika, maneno yale yalikuwa mahali pamoja tu, na wasomi wakubwa walikubaliana kwamba mwandishi aliyabuni kichwani mwake. Sasa bibi mmoja ameyasema zizini, huku ameshika ndama sikio.

Matone ya kwanza yakagonga bati. Witness akaingia mbio akipangusa uso.

"Witness, bibi yako anaitaje mvua?"

"Hivyohivyo. Maji ya juu. Nyumbani kwetu ndivyo tunavyosema. Hata kwa Kimaasai, lile neno la watu wengine sisi hatulitumii. Nikiwa mdogo nilichapwa kwa kulitumia. Shuleni ndipo nikazoea kusema mvua, lakini nikifika hapa naacha."

"Kwa nini?"

Witness akapunguza sauti, ingawa bati lilikuwa linapiga kelele ya kutosha. "Baba alikuwa na dada. Alikufa akiwa mtoto. Kwetu, mtu akifa, watu wa nyumba yake hawamtaji jina. Si kwa hasira, Madam. Unamwacha apumzike, ukimwita utamwamsha. Na kama jina lake lilifanana na kitu, kile kitu mnakipa jina jingine, maana utakitaja kila siku. Yule shangazi jina lake lilikuwa la mvua. Nasikia alizaliwa inanyesha. Mimi mwenyewe sijawahi kuambiwa aliitwaje."  Akamtazama mwalimu wake, kisha akalitazama begi lenye kitabu. "Nimeambiwa leo asubuhi."

Lusia alikaa chini sakafuni, katikati ya mifuko ya unga. Akakifungua kitabu ukurasa wa tisini na saba, akaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kimeandikwa pale siku zote. Mtoto hakuwa ametoroka, hakuwa nafsi ya mtu, na lugha haikuwa imevunjika. Mtoto alikuwa amekufa. Mwandishi alilisema jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko kengele ya kanisa, na mtu yeyote wa mteremko huu angelisikia palepale, ukurasa uleule. Angefunga kitabu kidogo, angesema pole, na angeendelea kusoma kwa heshima. Waliokuwa hawasikii ni wale waliosoma sana. Na Wairaqw wa Karatu, majirani wa miaka nenda rudi, wanaouziana mahindi na mbuzi na watu hawa kila mnada, nao hawakusikia. Ndiyo hivyo. Unaweza kumjua jirani bei ya mbuzi wake na usimjue msiba wake.

Ukinirudia tangu mwanzo utaona hata mimi jina hilo sijalitaja. Si la kwangu kulitaja.

Machozi yakamtoka Lusia, na hayakuwa ya huzuni tupu. Alikuwa na hofu, ile hofu ya kuingia mahali pakubwa ukiwa umevaa kofia. Alikisoma kitabu kile mara kumi na moja akakisifu kwa ufundi wake, na ufundi wenyewe ulikuwa baba mmoja akishika adabu ya kwao.

"Nitamwombaje msamaha?" akauliza.

"Ng'oa majani," Witness akasema. "Mabichi. Ukimwendea mtu na majani mkononi, hata kama ameshika fimbo, lazima akusikilize."

Maji ya juu yalipopungua, Lusia akang'oa fungu la majani pembeni ya njia, akaenda nalo mpaka mlangoni kwa bibi, viatu vimejaa tope. Bibi Nailantei akayatazama yale majani muda mrefu.

"Nani amekufundisha?"

"Witness, koko. Sikujua. Ningejua nisingefungua mdomo. Naomba unisamehe."

Bibi akayapokea. "Ingia, utaugua."

Wakakaa mpaka moto ukashika tena. Kisha bibi akaanza kusema, na Lusia hakutoa daftari, Mungu ashukuriwe kwa akili hiyo.

"Sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na yule mwalimu. Mtoto alipougua alikuwa naye kreta, kwenye chumvi. Alimbeba mgongoni mpaka hapa, na homa haikungoja. Siku ya tatu mwalimu akarudi shuleni, akashika chaki. Sikuona chozi lake. Sikuliona siku hiyo, sikuliona mwaka huo. Nikasema sawa, labda ndivyo shule inavyomfanya mtu. Halafu akatoa kitabu. Akaleta hapa, kinanuka wino, akasimama pale uliposimama wewe, akasoma. Akamwita mtoto wangu mara tatu."

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nikatoka kama nilivyotoka leo. Nikamwambia umemtia mtoto kwenye karatasi, sasa kila anayejua kusoma anamwita. Huko Dar wanamwita. Huko shuleni wanamwita. Mtoto anayeitwa kila siku atalala lini?  Alisema tu, siku ukitaka nitakusomea kuanzia katikati. Nikamwambia nani anachinja ng'ombe akaanzia tumboni? Sikumwambia neno jingine la maana mpaka alipokufa kule Karatu. Nilienda kumzika, nikarudi. Kaburi lake lipo kanisani huko. Sijakanyaga tena."

 Lusia aliona kitu, na alikiogopa, maana kilikuwa kikubwa kuliko tasnifu na Ijumaa na orodha zote za chuo.

"Koko," akasema polepole, "hakumwita mpaka mwisho. Aliacha."

"Aliacha nini?"

"Kumwita. Ukurasa wa tisini na saba jina linaisha. Halipo tena mpaka kitabu kinaisha. Nimekisoma mara kumi na moja, halipo hata mara moja. Na lile neno jingine pia halipo. Ameandika maji ya juu, koko, kama unavyosema wewe. Kurasa mia na zaidi."

Uso wa bibi haukubadilika, lakini mkono ulioshika kijinga cha moto ulisimama hewani. "Na huko nyuma? Mbona hakufuta?"

Hapo Lusia angeweza kujibu kisomi, na majibu alikuwa nayo gunia zima. "Alianza kukiandika lini, koko?"

"Zamani. Mtoto alikuwa anakaa magotini kwake, anamuuliza maswali, naye anayaandika."

"Basi kurasa zile ni za wakati ule. Humo bado yuko hai. Mtu aliye hai huitwa."

Bibi Nailantei akakirudisha kijinga motoni.  Halafu akasema bila kumtazama, "Kesho asubuhi, kama huna haraka."

Haraka alikuwa nayo, tena ya kutisha. Jioni ile Lusia akapanda kilima kinachoshika mtandao, akampigia Dokta Inosenti akamweleza yote, la jina na la mvua na la bibi. 

"Miaka ishirini," Dokta akasema, sauti imemshuka. "Miaka ishirini nakifundisha, Lusia. Nimewaambia watoto wa watu kwamba mtoto yule ni ishara ya uhuru."

"Dokta, bibi anataka nimsomee. Nikibaki, Ijumaa siiwahi. Na kichwa cha tasnifu lazima kibadilike, jina litoke. Sitaliandika, na mbele ya jopo sitalitamka. Wakinifelisha wanifelishe."

"Msomee," Dokta akasema. "Nitakwenda kwa mkuu wa idara mwenyewe, kesho, niseme kwamba aliyekosea ni mimi. Wakikupa mwezi, utakuwa mwezi. Wakikataa, nitatia saini yangu chini ya jina lako. Msomee taratibu."

Jumatano asubuhi wakakaa watatu nje ya nyumba, kwenye jua dogo linalojaribu kuwaka. Lusia alikuwa ameliziba jina la mtoto kwenye jalada la nyuma kwa kipande cha gazeti.  Alikuwa amewahi kusoma mbele ya maprofesa, akiwa amevaa vizuri, wala hakuogopa hivyo. Akafungua ukurasa wa tisini na saba, akasoma.

Mara ya kwanza katika maisha yake alikisikia. Yale aliyoyaita mkatiko na mrukaruko yalikuwa mwendo wa mtu anayehesabu ng'ombe huku anafikiria kitu kingine. Mwandishi alipotaja jiwe, bibi alionyesha kwa kidevu lilipo. Alipotaja ng'ombe mwenye pembe moja, bibi alisema, "Huyo aliliwa na simba baadaye," akaashiria asomewe mbele. Kila baada ya maneno machache alikuwa akiitikia kwa koo, mm, mm, kama watu wa kwao wanavyopokea habari za msafiri, na Lusia akajikuta anasoma kwa kufuata mwitiko ule, anasimama pale unapomtaka asimame. Sentensi zilizowashinda wasomi zilikaa sawa, moja baada ya nyingine. Kilikuwa kitabu cha kusomewa mtu mmoja. Nusu yake nzima ilikuwa imefagiliwa kila neno lenye mwiba, ili mwanamke mmoja aweze kupita bila kuchomwa, na mwanamke huyo hakuwahi kupita.

Mchana wakala ugali na maziwa mgando, wakaendelea. Jua lilikuwa limeinama walipofika ukurasa wa mia na themanini, ambao Lusia aliujua kwa moyo, maana aliuandikia sura nzima kuhusu mtu na maumbile. Akausoma:

"Yule mtu alingoja siku za maji ya juu. Siku kavu alikuwa na uso mkavu. Lakini maji ya juu yalipokuja, watu wakikimbilia ndani, yeye alitoka akasimama kati ya ng'ombe, akaacha uso wake ufanye ulichotaka, kwa maana hapo hakuna awezaye kutenga maji na maji. Hakulia nyumbani. Nyumbani kulikuwa na mmoja aliyekuwa anakufa taratibu kwa kulia, na kama wangelia wawili, ni nani angewasha moto? Akarudi amelowa, na mkewe akamgombeza."

Mwitiko haukuja. Lusia akainua macho.

Bibi Nailantei alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya shuka. "Nilimgombeza," akasema. "Kila mara. Alikuwa anarudi amelowa chapachapa, mwaka mzima, na mimi namwambia mwalimu gani hana akili ya kuingia ndani. Nilimvua nguo zile kwa hasira. Nikazikausha kwa hasira." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Na yeye ananyamaza tu, anawasha moto."

Witness alisogea, akamshika bibi yake bega.  Lusia alijiona mdogo sana mbele ya ukurasa ule, na alifurahi kuwa mdogo. Akangoja mpaka bibi alipotikisa kichwa kumruhusu, akasoma kurasa thelathini na mbili zilizobaki, polepole, bila kuruka neno, mpaka mahali ambapo baba anaingia ndani, anakaa, na kitabu kinaisha.

Bibi akanyoosha mkono. Lusia akampa kile kitabu. Hakujua kusoma yule bibi, lakini alikifungua katikati, akaweka kiganja juu ya ukurasa kama mtu anayepima homa ya mtoto, akakaa hivyo.

"Gari la Karatu linapita saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi, koko," Witness akasema.

"Mniamshe mapema. Nina zaidi ya miaka thelathini sijaenda kumsalimia mume wangu."